DARSA: MTOTO ALIYEINGIWA NA KIWEWE, NA WAJIBU WA ANAYEMLEA

Ndugu zetu Waislamu,

Fundi wa jahazi hakabidhiwi msumeno mpaka ajifunze kwa bwana wake. Lakini mtoto aliyefiwa, au aliyeona damu ikimwagika, twamkabidhi mlezi au mwalimu wa chuo bila ya kuuliza amejifunza nini juu ya kazi hiyo. Jambo hili ndilo darsa yetu ya leo.

Kiwewe ni jeraha la moyo libakialo baada ya khofu kubwa, kama vile kifo cha mzazi, kipigo, moto au fitina ya majirani. Hatari hupita, lakini mwili wa mtoto hubaki macho kana kwamba ipo. Moyo humdunda, usingizi humruka, na sauti kali humrejesha pale pale alipoogopeshwa. Akili inayoshughulika na kujihami haina nafasi ya kuhifadhi aya wala hisabu. Ndipo utamwona mmoja apigana kwa neno dogo. Wa pili akojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Na wa tatu akaa kimya, nasi twamsifu kwa adabu, kumbe pengine ndiye aliyeumia zaidi.

Kwetu sisi tufundishao hapa Jericho, katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, haya si khabari za mbali. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu zaidi ya 200 mjini humu. Fitina iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 iliua watu zaidi ya 1,100 nchini. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatoa watu majumbani mwao Mathare na Mukuru. Na ndugu zetu wa Pwani wasidhani wamesalimika: watoto walioshuhudia machafuko ya Likoni, Agosti 1997, leo ni wazazi na walimu.

Wala hatari haitoki nje daima. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2019 ulionyesha kuwa, kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume walitendewa ukatili utotoni. Miongoni mwa waliowapiga ni wazazi na walimu.

Watu watasema: "Sisi tulipigwa bakora na tukahitimu." Jawabu letu ni kwamba waliohitimu twawaona, waliotoroka chuoni hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Watashika pia hadithi ya kumwamrisha mtoto sala akiwa na miaka saba na kumpiga kwa ajili yake afikapo kumi. Lakini wanavyuoni wameifunga ruhusa hiyo kwa masharti: asijeruhiwe, asipigwe usoni, wala asipigwe kwa hasira. Ni wapi, basi, paliporuhusiwa kumpiga mtoto kwa kusahau herufi, au kwa kulia? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliweka mlango mzima katika Muqaddima yake kubainisha kwamba ukali huwadhuru wanafunzi na kuwazoeza uongo na hila. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yakataza kuwapiga wanafunzi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambaye mwenyewe alikua yatima, alipomwona mtoto Abu Umayr amehuzunika kwa kufiwa na kidege chake, alimwuliza khabari zake kwa upole. Hakulidharau huzuni lile.

Yampasa mlezi na mwalimu kujifunza mambo matano.

Kwanza, kuituliza nafsi yake, kwani mtoto hutulia kwa utulivu wa mkubwa wake.

Pili, kuipanga siku isigeuke-geuke, na mtoto kuambiwa mapema kila linapotaka kubadilika jambo.

Tatu, kusikiliza pasi na kuhoji. Mtoto asilazimishwe kusimulia. Na akisimulia, asikemewe wala asiitwe mwongo.

Nne, kumpa khiari ndogo ndogo, kama vile akae wapi na aanze na somo lipi, kwani aliyeonewa alinyang'anywa khiari.

Tano, kuujua mpaka wake. Mwalimu si tabibu. Dalili zikidumu majuma mengi, au mtoto akataja kujidhuru, apelekwe hospitali bila ya kukawia. Na akiwa amedhulumiwa, aarifiwe afisa wa watoto, au ipigwe simu nambari 116, ambayo haina malipo. Jambo hili lisizimwe kwa kuogopa aibu ya ukoo, hata kama mdhalimu ni ami yake au mwalimu mwenzetu. Sitara haikuwekwa ili dhalimu apate pa kujificha.

Basi twaziomba kamati za madrasa, kabla ya kupaka kuta rangi mpya, ziwatengee walimu siku za mafunzo kwa wajuzi wa kazi hii, na zisiwasahau mabibi na mashangazi waleao mayatima. Wao wenyewe huenda wana majeraha ya zamani ambayo hayajapata wa kuyauliza.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli; lakini wavunjao mifupa yake wasidai kwamba wamemkunja.

Wabillahi tawfiq.