Walimu wapya hawakai

SWALI: Naongoza shule ya jamii Mukuru, Nairobi. Walimu wapya hawamalizi mwaka. Nasikia Marekani huchukua wahitimu wasiosomea ualimu wakafundishe mitaa maskini. Nasi tujaribu?

JIBU: Mwalimu, bila shaka unausema mpango wa Teach For America, uliozaliwa na tasnifu ya Wendy Kopp pale Princeton na kupeleka walimu wa kwanza madarasani mwaka 1990. Mhitimu hufunzwa wiki chache tu, kisha hujifunga kufundisha miaka miwili. Huvuta vijana hodari, lakini hulaumiwa kwamba wengi huondoka ndio kwanza wameanza kuiva. Tena mshahara wao hulipwa na shule au wilaya iliyowaajiri, mfuko ambao wewe huna.

Kwetu Kenya, Sheria ya Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) ya 2012 inakataza kufundisha bila kusajiliwa. Wala hukosi watu: walimu waliosajiliwa wanaosubiri ajira ya serikali ni wengi. Anza na wanaoishi jirani, kwani nauli ya matatu humeza mshahara mdogo. Lipa kidogo ikibidi, lakini lipa tarehe uliyosema. Na usimtupie mgeni darasa lililofurika kuliko yote (wakuu tunapenda sana hilo!), mpe vipindi vichache muhula wa kwanza, na mwalimu mzoefu wa kuingia naye darasani.

TSC ikimwita kwenye ajira ya serikali, ataondoka. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, atakupa notisi ya muda gani na nani atapokea maandalio yake ya masomo.