Kufundisha Mwendo wa Molekuli

Mwanafunzi aonaye kuni, kisha majivu, aweza kudhani kwamba badiliko la kikemia halina katikati. Mwalimu hana budi kuiondoa dhana hiyo.

Gawa sekunde 1 vipande milioni, kisha kila kipande vipande bilioni: kimoja ndicho femtosekunde. Mwaka 1987, huko California, Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, na wenzake walipima muungano wa iodini na kaboni ukikatika kwa femtosekunde 200 hivi. Mmweko wa kwanza wa leza ulianzisha badiliko. Wa pili ulilipima. Jaribio lilirudiwa, mmweko wa pili ukicheleweshwa kwa viwango mbalimbali.

Darasani, mtoto mmoja aruke mara kadhaa. Wenzake wafumbe macho, wafumbue kidogo tu upigapo kofi, ukilichelewesha zaidi kila mruko. Wachore, wapange michoro, katikati itaonekana.