Virusi Vimetoka, Lakini Mtandao Haufunguki: Tufanyeje?

LENGO LA SOMO: Tukimaliza somo hili, kikundi kiweze kurudisha mtandao katika kompyuta yake baada ya kuondoa virusi, bila kupoteza kumbukumbu na bila gharama isiyo ya lazima.



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta moja ya pamoja. Humo katibu anaweka orodha ya wanachama, na mwekahazina anaweka hesabu za michango na mikopo. Virusi vikiingia, labda kwa flashi ama kwa programu ya bure iliyotoka mahali pasipojulikana, tunaweka programu ya kuua virusi, tunasafisha, tunafurahi. Halafu tunafungua mtandao: hakuna kitu. Hapo fundi anaweza kutuambia, "Hii mashine ni ya kufutwa yote." Ngojeni kwanza. Ikifutwa bila nakala, hesabu za kikundi zinakwenda nayo, na siku ya kugawana pesa tutabaki kubishana. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichoharibika ni mipangilio tu.

KWA NINI INATOKEA?

Fikirieni njia ya kwenda sokoni. Dalali mwizi anaweka kibao kinachosema watu wote wapitie uani kwake, apate kupekua mizigo. Siku moja anakamatwa na lango lake linafungwa, lakini kibao hakuna aliyeking'oa. Watu wanakifuata, wanafika kwenye lango lililofungwa, wanakwama. Barabara yenyewe haina shida.

Virusi vingine hufanya hivyo hivyo. Vinaiambia kompyuta ipitishe kila kitu kwa mpatanishi anayeitwa proksi. Mara nyingi anwani yake ni 127.0.0.1, maana yake ni kompyuta hiyo hiyo, mahali kirusi kilipojificha. Tukikiua kirusi, lango limefungwa, lakini kibao kimebaki.

HATUA ZA KUFUATA

1. Wekeni nakala. Kabla ya kugusa kitu, nakilini hesabu na orodha kwenye flashi. Flashi hiyo ikaguliwe virusi kabla ya kuingizwa kwenye mashine nyingine.

2. Hakikisheni shida iko wapi. Unganisheni simu na mtandao ule ule wa Wi-Fi, mkiwa mmezima data ya simu. Simu ikifungua tovuti na kompyuta ikakataa, shida iko ndani ya kompyuta. Simu nayo ikikataa, angalieni ruta ama salio la bando. Tazameni pia tarehe na saa ya kompyuta, sababu tarehe mbaya inafanya tovuti nyingi zikatae kufunguka.

3. Ng'oeni kibao. Kwa Windows 10 na 11, fungueni "Settings", halafu "Network & internet", halafu "Proxy". Palipoandikwa "Use a proxy server" pazimwe. "Use setup script" pia pazimwe. "Automatically detect settings" paachwe pamewashwa. Chrome na Edge zinafuata mpangilio huu. Firefox ina mpangilio wake: ingieni "Settings", mtafute "Network Settings", mchague "No proxy". Lakini kama kompyuta inatumia mtandao wa shule ama ofisi, ulizeni kwanza, sababu wengine wana proksi ya halali.

4. Kagueni DNS. DNS ni kama kitabu cha namba za simu: sisi tunaandika jina la tovuti, yenyewe inatafuta namba yake. Virusi vingine vinabadilisha kitabu hiki. Katika mipangilio ya Wi-Fi, tafuteni sehemu ya DNS na muirudishe kwenye "Automatic". Ruta pia ikaguliwe, na nywila yake ya kiwandani ibadilishwe.

5. Rudisheni kivinjari katika hali yake ya kwanza. Ondoeni viongezo msivyovitambua. Katika Chrome, ndani ya "Settings" kuna "Reset settings". Ukifanya hivyo, alamisho na nywila zilizohifadhiwa hazipotei.

6. Kama bado, fungueni "Command Prompt" kwa kuchagua "Run as administrator". Andikeni ipconfig /flushdns, mbonyeze Enter. Kisha netsh winsock reset, Enter tena. Zimeni mashine na kuiwasha upya. Amri hizi hazigusi faili zenu.

Baada ya kila hatua, jaribuni mtandao kabla ya kwenda kwa hatua nyingine. Hivyo mtajua ni nini kilichoponya.

KAMA KIBAO KINARUDI

Mkizima proksi, mkawasha mashine upya, na mkaikuta imejiwasha yenyewe, jueni dalali bado yuko ndani. Msipoteze muda na mipangilio. Kagueni virusi tena. Windows ina ukaguzi uitwao "Microsoft Defender Offline scan", unaofanya kazi kabla Windows yenyewe haijaamka, ndiyo maana unaweza kukamata virusi vinavyojificha. Unachukua kama dakika 15.

KISA CHA KUTUFUNDISHA

Kuanzia mwaka 2007 kirusi kiitwacho DNSChanger kilienea duniani. Kazi yake ilikuwa kubadilisha DNS, ili watu wapelekwe kwenye tovuti na matangazo yaliyowaingizia wezi pesa. Mnamo Novemba 2011 raia 6 wa Estonia walishtakiwa. Kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa, na wezi walikuwa wamejipatia angalau dola milioni 14.

Hapo ikatokea shida ile ile yetu. Kama seva za wezi zingezimwa ghafla, mamilioni ya watu wangekosa mtandao, sababu kompyuta zao zilikuwa bado zinauliza njia huko. Kwa hiyo mahakama ya Marekani iliruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile za wezi kwa muda, watu wapate nafasi ya kurekebisha mashine zao. Seva hizo zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Wezi walikuwa wamekamatwa miezi 8 kabla, lakini kazi ya kung'oa vibao ilikuwa bado haijaisha.

MTANDAO UKISHARUDI

Msishangilie mkasahau. Wakati dalali alipokuwa langoni, huenda aliona mengi. Badilisheni nywila za barua pepe na za akaunti ya kikundi, na mfanye hivyo kwa simu ama kompyuta iliyo safi. Mwekahazina alinganishe taarifa za benki na kitabu cha kikundi. Pakiwa na pesa zilizotoka bila maelezo, benki ijulishwe siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikizimika leo, nakala ya hesabu iko wapi? Iliwekwa lini?
2. Ni nani wanaoruhusiwa kuingiza flashi katika mashine ya kikundi?
3. Nywila zetu zinajulikana na watu wangapi? Ni lazima wote wazijue?
4. Fundi akisema mashine ifutwe, ni hatua gani tutamwomba ajaribu kwanza?

Kikao kijacho, mwanachama mmoja aoneshe wenzake hatua ya 3 kwenye mashine yenyewe, na katibu aziandike katika kitabu cha kikundi. Mtandao ukipotea, kitabu hicho kitafunguka bado.