Chachu ilivyonipa sapu

Mwaka wa pili nilipigwa sapu ya baiolojia ya molekuli, na swali la chachu ndilo lililonimaliza. Mimi, mtoto wa Kibondo, niliyelipiwa ada ya sekondari kwa pombe ya ndizi ya mama!

Swali: chachu ikikosa asidi amino, protini ya Gcn4 inaongezeka au inapungua? Nikajibu inapungua, kwa sababu njaa hupunguza utengenezaji wa protini. Sababu ni ya kweli, jibu ni kosa. Nieleze ili wewe usinaswe.

RNA ya jeni ya GCN4 ina fremu nne fupi kabla ya sehemu yenyewe ya protini. Kila moja ina kodoni mbili au tatu tu. Ribosomu inaanzia mwanzoni, kwa hiyo inakutana nazo kwanza.

Sasa chukulia gari la Kibondo kwenda Kasulu. Gari ni sehemu ndogo ya ribosomu. Konda ni eIF2 iliyobeba tRNA ya kuanzia. Bila konda, mlango haufunguliwi. Kituo cha kwanza, yaani fremu ya kwanza, mlango unafunguliwa na konda anashuka. Karibu nusu ya magari yanaendelea na safari bila konda, na lazima yapate mwingine njiani.

Chachu ikishiba, makonda wamejaa barabarani. Gari linapata konda mapema, linafungua mlango Makere, ambayo hapa ni fremu ya nne, na safari inaishia hapo. Kasulu, yaani Gcn4, karibu hakuna gari linalofika.

Chachu ikishikwa na njaa, kimeng'enya Gcn2 kinaweka fosfati kwenye eIF2 na makonda wanaadimika. Protini nyingi zinapungua kweli. Lakini gari letu linapita Makere bila konda, linampata mbele, na mlango unafunguliwa Kasulu. Gcn4 inaongezeka, nayo inawasha jeni za kutengeneza asidi amino.

Alan Hinnebusch wa Marekani na wenzake walilionyesha hili miaka ya 1980: ukiharibu kodoni za kuanzia za fremu zote nne, Gcn4 inatengenezwa kwa wingi hata chachu ikiwa imeshiba. Na si chachu tu. Protini ya ATF4 kwenye seli zetu wenyewe inadhibitiwa kwa mtindo unaofanana na huo.

Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu jeni fulani, usikimbilie kanuni ya jumla. Tazama kwanza vituo vilivyo kabla yake. Sapu niliifanya nikiwa nimechora barabara ya Kasulu pembeni ya karatasi. Nikapita.