Vitabu Viwili, Fireball Moja

*Shikamoo Mjomba,*

*Mimi ni kijana wa Rombo. Kila shule zikifungwa tunakutana nyumbani kwetu kucheza Dungeons & Dragons: mimi, jirani yangu, rafiki mmoja wa Kitengela na mwingine wa Kajiado mjini. Mimi ndiye mwongozaji. Disemba iliyopita mhusika wa yule wa Kitengela, mchawi, alizingirwa na fisi. Ana kipawa cha kupiga Misty Step, uchawi wa kuruka papo hapo, mara moja kwa siku bila gharama, basi akakitumia kujinasua, kisha kwenye zamu hiyo hiyo akataka kuwachoma fisi kwa Fireball. Wa Kajiado akasema sheria inakataza. Kila mmoja akatoa simu, akasoma kitabu chake, na kila kitabu kikamuunga mkono mwenyewe! Nikakataa. Fisi wakammaliza mchawi. Yule wa Kitengela akafunga begi, akapanda probox ya Loitokitok, na hadi leo hajaniandikia. Je, nilikosea?*

*Mwongozaji, Rombo*

Marahaba, mpwa wangu.

Rafiki zako wote wawili walisoma sawasawa, ila kila mmoja alikuwa na toleo lake. Kitabu cha mwaka 2014 kinasema ukipiga uchawi kwa tendo la nyongeza, yaani lile dogo la ziada katika zamu yako, huruhusiwi kupiga mwingine katika zamu hiyo, isipokuwa ule mdogo usiotumia nafasi ya uchawi (ile akiba yenye kikomo ambayo uchawi mkubwa huitumia) na unaochukua tendo moja. Misty Step ni tendo la nyongeza na Fireball ni uchawi wa ngazi ya 3, kwa hiyo hapo Fireball imekatazwa, hata kama Misty Step ilikuwa ya bure. Kitabu cha 2024 kinapima kwa njia nyingine: zamu moja, nafasi moja ya uchawi. Mwenzako aliruka kwa kipawa, nafasi hakuigusa. Kwa kitabu hicho, fisi walikuwa halali yake.

Kwa hiyo mlipaswa kukubaliana mnatumia kitabu kipi kabla dadu haijarushwa. Wacheza bao wanalijua hili. Sheria za bao hutofautiana mahali na mahali, na mgeni mwenye busara huuliza wenyeji wanachezaje kabla kete ya kwanza haijashuka. Akiuliza baada ya kuliwa, hakuna atakayemwamini.

Kukubaliana hakutawagharimu pesa. Wizards of the Coast, wenye mchezo, wametoa sheria za msingi bure kwa leseni ya Creative Commons: zile za 2014 zilitolewa hivyo mwaka 2023, na za toleo jipya mwaka 2025. Misty Step na Fireball zimo. Chagueni toleo moja, kila mtu awe na faili hiyo hiyo kwenye simu yake, na aliyezoea jingine aambiwe mapema ni nini kitambadilikia.

Hata mkiwa na kitabu kimoja, mtafika mahali maneno hayatoshi. Hapo nakushauri ujiulize mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, maandishi yanasema nini hasa? Soma maelezo ya uchawi wenyewe kwa sauti, wote wasikie. Yakipingana na sheria ya jumla, fuata maelezo mahususi. Vitabu vyote viwili vinaelekeza hivyo.

Pili, sheria imewekwa kuzuia nini? Kwa jinsi ninavyoisoma, hii iliyowagombanisha inamzuia mtu mmoja kumwaga nguvu za zamu mbili katika moja huku wenzake wakimtazama. Lakini maneno ya 2014 hayakulifikia lengo hilo vizuri: mchawi aliyejifunza pia upiganaji aliweza kupata tendo la pili na kurusha Fireball mbili katika zamu moja, kwa kuwa hakuna iliyokuwa ya nyongeza, ilhali kuruka futi 30 na kurusha moja kulikatazwa. Toleo la 2024 liliziba mwanya huo.

Tatu, je, ungeamua vivyo hivyo kama mpigaji angekuwa adui? Chukua Counterspell, uchawi wa kuvunja uchawi wa mwingine. Kitabu cha 2014 hakisemi kama mwongozaji lazima ataje uchawi unaopigwa kabla mchezaji hajaamua kuuvunja. Kitabu cha nyongeza cha 2017, Xanathar's Guide to Everything, kinaruhusu kuutambua kwa tendo la kujibu, na kwa kuwa una tendo moja tu la kujibu, ukishatambua huwezi kuvunja. Ukiifuata hiyo, sema "anainua mikono, anaanza kunena," kisha nyamaza umngoje mchezaji. Na wachezaji wakipiga uchawi wao, adui wako naye aamue bila kujua ni uchawi gani. Ukijificha wewe huku wao wakilazimika kutaja, huo ni upendeleo.

Sasa swali lako. Kuamua ni kazi yako na kitabu kinakupa neno la mwisho, kwa hiyo hapo hukukosea. Ulikosea kumhukumu mtu kwa kitabu ambacho hamkuwa mmekubaliana kukitumia, tena mchawi wake akiwa hatarini. Shaka ikibaki, mpe nafuu aliyepanga mbinu yake kwa nia njema, kwa siku hiyo tu. Sema wazi kwamba ni uamuzi wa leo, uandike kwenye daftari, na mchezo uendelee. Mjadala mrefu uwe baada ya chai, na mtakalokubaliana lianze kutumika kikao kijacho. Daftari hilo likae mezani mtu yeyote aweze kulisoma.

Mpigie simu rafiki yako wiki hii, usingoje likizo ya Aprili. Usianze na ibara za kitabu. Mwambie kwa sheria za 2024 alikuwa na haki, kwamba hamkuwa mmekubaliana toleo, na kwamba jukumu hilo lilikuwa lako. Mruhusu mchawi wake arudi akiwa hai, zamu ile irudiwe, na Fireball irushwe. Mkipata daraja la kurudiana kwa bei ya fisi wachache, ni bei rahisi. Kisha mwombe yeye na wa Kajiado wachague pamoja kitabu cha meza yenu, kwa sababu sheria waliyoichagua wenyewe hawatakuwa na haja ya kuigombania.