Kurahisisha Taarifa za Kijeshi na Nishani

Taarifa za kijeshi hujaa vifupisho. Mtahiniwa akivinakili bila kuvieleza, msomaji wa kawaida haelewi nani alifanya nini, na alama hupotea.

Mfano: Mwanafunzi wa Baleni, Mafia, anataka kuwaeleza wanakijiji wenzake taarifa hii:

"Cull (RNAS), kutoka Mafia, alielekeza mizinga ya monita dhidi ya Königsberg, 11/7/1915. Alitunukiwa DSO."

Jibu zuri: Tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, John Cull, rubani wa jeshi la majini la Uingereza, aliruka na mwenzake kutoka Mafia hadi delta ya Rufiji. Huko ilijificha manowari ya Wajerumani, Königsberg. Kutoka angani waliwajulisha wapiga mizinga wa meli za Uingereza makombora yalipoangukia, nao wakasahihisha shabaha hadi manowari ikaangamizwa. Cull alipewa DSO, nishani ya Uingereza kwa maofisa waliotumikia vizuri vitani.

Zingatia:
(a) Fafanua kila kifupisho, au weka maneno ya kawaida badala yake.
(b) Eleza kazi ya mhusika, si cheo pekee.
(c) Taja nchi iliyotoa nishani na sababu yake.
(d) Usidhani asiye na nishani hakutumika. Wapagazi wengi Waafrika walibeba mizigo ya vita hiyo. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Zoezi: Mwandikie msomaji wa kawaida: "JWTZ na UNLA waliiteka Kampala, 11/4/1979."