SOMO LA LISHE: Tupike mboga za bustani bila kupoteza vitamini

Mchicha (lengalenga) na matembele ya bustanini hutupatia vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

1. Osha majani kabla ya kuyakata. Ukiyaosha baadaye, vitamini C hutoka na maji.
2. Tia maji kidogo, funika sufuria, pika dakika 5 hadi 10.
3. Ongeza kijiko cha mafuta ya mgao. Bila mafuta, mwili haupokei vizuri vitamini A.
4. Boga na biringanya vichomwe juu ya makaa, si kwenye ndimi za moto, visiungue.

ANGALIZO: Kisamvu (sombe) kibichi kina sumu. Kitwange, kisha kichemshe muda mrefu bila kufunika. Usikipike haraka kama mchicha, hata kuni zikipungua.